Kuamsha milango ya fahamu: Tiba kwa wazee wenye maradhi ya kusahau

MZEE anapoanza kusahau majina ya wanawe na kupotea njia aliyoipita miaka hamsini, aghalabu jamaa humtengea kiti uani na kumwacha hapo kutwa nzima. Atalishwa na kuvishwa, lakini hatapewa la kufanya. Tiba ya kuchochea hisi hulenga pengo hilo.

Maradhi yenyewe, ambayo madaktari huyaita demensia, si uzee wa kawaida wala si uchawi. Ni kuharibika kwa ubongo kutokana na magonjwa kadhaa, la Alzheimer likiongoza. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu milioni 57 waliishi nayo mwaka wa 2021. Dawa ya kuiponya haijapatikana.

Tiba hii ilipata umaarufu nchini Uholanzi katika miaka ya 1970, pale walezi wa watu wenye ulemavu wa akili walipobuni vyumba vyenye taa za rangi, muziki wa taratibu, manukato na vitu vya kupapasa. Waliiita Snoezelen, jina lililoundwa kutokana na maneno mawili ya Kiholanzi: kunusa na kusinzia. Baadaye vyumba hivyo vilianza kutumiwa kwa wazee. Ni ghali mno, na ushahidi wa manufaa yake ungali hafifu. Ule wa muziki una nguvu zaidi, hasa katika kupunguza huzuni.

Kwa familia ya Meru au Embu, basi, ukosefu wa chumba si hoja. Kumbukumbu za juzi ndizo hupotea kwanza. Nyimbo za ujanani na kazi zilizozoewa na mikono hudumu zaidi. Maadamu ni hivyo, vifaa vichaguliwe kutoka maisha ya mzee mwenyewe. Mama aliyelima Mbeere apewe ungo wa kunde au mtama achambue. Aliyechuma majani chai au kahawa miteremkoni mwa Mlima Kenya ashike tawi bichi. Wimbo wa kanisani wa lugha ya mama unaweza kumfanya aliyenyamaza wiki nzima aimbe beti mbili. Mzee wa Igembe anaweza kufunga vijiti kwa majani ya mgomba, kama alivyofunga miraa. Miraa yenyewe asipewe, kwani humnyima usingizi na kupandisha shinikizo la damu.

Harufu ya uji wa wimbi nayo husaidia, ingawa baadhi ya wagonjwa hupoteza uwezo wa kunusa mapema. Macho na masikio yapimwe kwanza: mwenye mtoto wa jicho hatanufaika na picha.

Hisi moja au mbili zatosha kwa wakati mmoja, kwa dakika ishirini hivi. Redio, wageni na kelele za watoto kwa pamoja humchosha. Akikunja uso au kusukuma mkono, mlezi aache. Vitu vidogo vya kumezeka na uji wa moto viwekwe mbali naye.

Mfano wa karibu uko Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, nchi ya kahawa na migomba kama Embu. Huko wataalamu walijaribu tiba iliyo jamaa ya hii, ya kuchangamsha akili kwa mazungumzo na michezo katika vikundi, vikao 14 kwa wiki saba. Ilitoka Uingereza, ikarekebishwa kwa kuwa wazee wengi hawakujua kusoma. Matokeo ya wazee 34, yaliyochapishwa mwaka wa 2017, yalionyesha akili ikiimarika na wasiwasi ukipungua.

Hata hivyo, mzee anayechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, hahitaji nyimbo bali hospitali. Malaria, maambukizi ya mkojo, ukosefu wa maji mwilini na hata dawa anazotumia huweza kuleta hali hiyo, na mengi ya hayo hutibika.