Diploma mkononi, kazi mbali: namna vijana wa infomatiki wa Goma walifikishwa hapa

Ninyi mlio hapa Goma na ninyi mliohama makwenu Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, jambo la leo linazungumzwa katika jamaa nyingi. Mzazi ameuza ng'ombe ao kipande cha shamba, amelipa masomo miaka mitano, mtoto amemaliza infomatiki. Siku anaitwa kwa majaribio ya kazi, anaambiwa: unganisha mashini hizi tatu na printa moja, kisha utuonyeshe namna ya kulinda data zisipotee. Kijana anatoka jasho. Maana ya kila neno anaijua, lakini mikono yake haijafanya kazi hiyo hata siku moja.

Watu wanasema haraka kwamba vijana wa leo ni wavivu. Mimi naomba tuangalie kwanza njia tuliyopitia.

Wakati wa Wabelgiji, masomo ya Mkongomani yaliishia karibu na ukarani, ufundi, ualimu wa shule ya msingi na uuguzi. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka wa 1954 huko Léopoldville, Kinshasa ya leo. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 30 katika inchi nzima. Lakini wale wachache hawakusoma kwa chaki peke yake. Mwaka wa 1959 Lovanium iliwasha TRICO, mtambo wa kwanza wa nyuklia katika Afrika. Chuo kilikuwa na wanafunzi kidogo na vyombo vingi.

Wabelgiji walipoondoka, viti vya ofisi vilibaki wazi. Aliyekuwa na diploma alipata kazi, hata bila kuomba sana. Hapo wazee wetu walijifunza somo moja: tafuta karatasi, serikali itakupa kiti. Somo hilo lilikuwa la kweli kwa wakati wake. Shida ni kwamba tumeendelea kulifundisha watoto hata baada ya viti kujaa.

Mwaka wa 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA. Ndipo tukapata mpango wa miaka mitatu ya graduati na miwili ya lisansi. Mwaka wa 1981 vilitenganishwa tena, lakini feza ya inchi ilikuwa imekwisha kuanguka: bei ya shaba ilishuka katikati ya miaka ya 1970, na biashara zilizonyang'anywa wageni mwaka wa 1973 zilikufa. Wanafunzi waliongezeka, vyombo havikuongezeka. Kila mtu akaanza kuishi kwa Kifungu cha 15: jipange mwenyewe.

Hapa Goma, Waprotestanti walianzisha ULPGL mwaka wa 1985. Kisha, katika miaka ya 1990, vyuo vya watu binafsi vikaota kila upande wa inchi. Ukitaka kufundisha uganga, unahitaji hospitali. Ukitaka kufundisha infomatiki, wengi walifikiri chumba, ubao na chaki vinatosha. Wanafunzi waliandika programu katika daftari, mwalimu akasahihisha kwa kalamu. Na umeme? Kituo cha Matebe, kule Rutshuru, kilianza kutoa umeme mwisho wa mwaka wa 2015. Mbele ya hapo, mtaa mwingi wa mji huu ulilala giza. Zaidi ya hayo, tarehe 17 Januari 2002 volkano Nyiragongo ilifunika katikati ya mji kwa moto wa mawe, na Goma ikaanza upya.

Upande wa kazi nao ulibadilika. Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache, na nyuma yao yakafika mashirika ya kiutu. Tangu hapo, kwa kijana wa Goma, kazi nzuri ni kazi ya shirika. Lakini shirika haliulizi diploma peke yake. Linaandika: uzoefu wa miaka miwili ao mitatu. Kijana atapata wapi uzoefu bila kazi, na kazi bila uzoefu?

Jibu lilipaswa kuwa staji. Lakini staji nyingi ni za mwezi mmoja, na stajeri anafanya fotokopi mpaka siku ya kutiwa sahihi. Kazi ya mwisho ya masomo nayo, wapo wanaoilipia watu wengine waitengeneze.

Wakati huo dunia haikungoja. M-Pesa ilifika kwetu mwaka wa 2012, na waya wa intaneti wa WACS ukafunguliwa Muanda mwaka wa 2013. Mpango mpya wa masomo, LMD, ulianza mwaka wa 2021 na 2022. Kubadili jina la miaka ni rahisi. Kuleta mashini darasani ndiyo kazi.

Leo mlango umebana zaidi. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipokamata mji, banki zilifungwa na uwanja wa ndege pia. Mwezi huo huo Marekani ilisimamisha misaada yake, na mashirika yakaachisha watu. Nafasi zilizobaki ni chache, na mtu mmoja anaombwa afanye kazi ya watatu.

Tufanye nini? Tembea Birere, uangalie fundi wa simu. Wengi hawana lisansi, lakini wateja wanapanga mstari. Alikaa kando ya fundi mkubwa, akafungua simu mia, akaharibu kadhaa, akajua. Infomatiki inafundishika vilevile. Hata serikali ililijua jambo hili zamani: INPP iliundwa mwaka wa 1964 kwa kutayarisha watu kwa kazi.

Baba na mama, mbele ya kulipa, ulizeni chuo: mashini ngapi zinafanya kazi? Mtoto atazigusa saa ngapi kwa juma? Staji atafanya wapi, na nani atamfundisha? Wakubwa wa ofisi, mpeni stajeri kazi ya kweli, mumsahihishe. Na wewe kijana, usingoje siku ya diploma. Saidia duka ao kituo cha afya cha mtaa kupanga data zao, uwe na kitu cha kuonyesha.

Jamaa nyingi zilizokimbia zinajua jambo hili kuliko mimi. Diploma ngapi zilibaki katika nyumba zilizoungua ao njiani? Aliyejua kazi kwa mikono yake alifika nayo Goma, na siku atarudi nyumbani atarudi nayo.