Mitindo ya maigizo katika shule za sekondari za Uvira

Mitindo ya maigizo ni namna mbalimbali za kutunga na kucheza tamthilia. Uvira, mji wa Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulioko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ni mahali ambapo mitindo mitatu yafaa kusomwa pamoja: wa kimaandishi, wa papo kwa papo na wa kushirikisha watazamaji.

Lugha na masomo
Sekondari ya Kongo hufundishwa kwa Kifaransa. Tamthilia husomwa hasa kama utanzu wa fasihi ndani ya somo la lugha hiyo. Nje ya darasa, wanafunzi huongea Kiswahili, Kifuliiru, Kivira au Kibembe.

Mtindo wa kimaandishi
Maneno yote yamekwisha kuandikwa, kama katika *L'Avare* ya Molière (1668) au *Une saison au Congo* ya Aimé Césaire (1966), inayomhusu kiongozi wa Kongo Patrice Lumumba. Mchezaji hukariri, kisha hutafuta sauti, pumzi na mwendo wa mhusika.

Mtindo wa papo kwa papo
Kielelezo chake ni kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililocheza kwa Kiswahili cha Katanga redioni na kwenye televisheni. Wachezaji walijadili kisa na kupanga maonyesho. Maneno kila mmoja aliyatunga mwenyewe. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliufuatilia mchezo wao mmoja mwaka 1986, akauandikia kitabu mwaka 1990.

Mtindo shirikishi
Mbrazili Augusto Boal (1931–2009) alimwalika mtazamaji apande jukwaani na kubadili mwisho wa kisa. Mashariki mwa Kongo, shirika la Search for Common Ground limetumia maigizo ya aina hii kupatanisha jamii: wachezaji husikiliza kwanza malalamiko ya wenyeji, ndipo huyaigiza mbele yao.

Mazoezi
Zoezi linalofaa ni kucheza kisa kimoja mara tatu, kwa mfano ugomvi wa mkulima na mfugaji katika bonde la Ruzizi. Kwanza darasa huandika majibizano na kuyakariri. Pili hubaki na mpangilio tu. Tatu husimamisha mchezo ugomvi unapopamba moto, na wanafunzi wanaotazama huingia kujaribu suluhu. Mara ya kwanza mwanafunzi hujifunza nidhamu ya neno, ya pili wepesi wa kujibu, ya tatu kusikiliza. Kwa kuwa kila mtindo hufunza jambo lake, mitindo ya papo kwa papo na shirikishi, hata ichezwapo kwa Kiswahili, yastahili alama na muda sawa na tamthilia ya kimaandishi ya Kifaransa.