Habari za Wachongaji wa Wamunyu

Twapenda kukumbuka habari za Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu katika Ukambani. Wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918 alifika Tanganyika, na huko kwa Wazaramo akajifunza kuchonga vinyago. Aliporudi aliwafunza jamaa zake, na kazi ikaenea.

Lakini kuchonga ni jambo moja, na kuuza ni jingine. Wachongaji walipanga twiga na vifaru chini, kando ya njia za Nairobi na Mombasa, wakingoja wageni juani. Mgeni hupunguza bei. Na muuzaji aliye peke yake, asiye na nauli ya kurudi kwao, hukubali lolote. (Mzigo usionunuliwa huwa mzito zaidi jioni.) Ndipo mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa walipounda chama chao cha ushirika, ambacho makao yake ni Changamwe. Kila kinyago kikatiwa namba ya mwenyewe, ili fedha zimfikie aliyekichonga.

Miti nayo ilipungua. Mpingo na muhugu zilipokuwa adimu, wengi waligeukia mwarobaini katika miaka ya 1990. Sisi twaona walichagua vema, maana huo hukua upesi, tena mchongaji aweza kuupanda shambani mwake.