Mlango wa Kanisa Kuu: Fundisho la Uchaguzi wa Zambia wa 1991

Tunapochunguza historia ya Kanisa na siasa katika Afrika, mara nyingi huuliza kama Kanisa lilisema au lilinyamaza. Uchaguzi wa Rais uliofanyika Zambia tarehe 31 Oktoba 1991 unatutaka tuulize pia: lilisimama wapi?

Kenneth Kaunda alitawala tangu uhuru wa 1964. Baba yake alikuwa mchungaji aliyetoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kuihubiri Injili huko Lubwa. Mwaka 1990 bei ya unga ilipopanda, watu walifanya ghasia. Mfumo wa chama kimoja ukalegea, na chama cha MMD kikamsimamisha Frederick Chiluba, kiongozi wa wafanyakazi. Pande hizo mbili zilipogombana juu ya katiba, mnamo Julai 1991 viongozi wa makanisa waliwakutanisha katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Msalaba Mtakatifu, Lusaka. Mapatano yakafungua njia ya uchaguzi. Chiluba alipata takriban robo tatu ya kura, naye Kaunda akakubali kushindwa na kuondoka kwa amani.

Tarehe 29 Desemba 1991 Chiluba alitangaza kuwa Zambia ni taifa la Kikristo. Wakristo wengi walishangilia, ingawa mabaraza ya makanisa hayakuwa yameshauriwa. Mwaka 1996 tangazo hilo liliingizwa katika utangulizi wa katiba. Katiba hiyohiyo ilimzuia Kaunda kugombea, kwa kuwa wazazi wake hawakuzaliwa Zambia. Hivyo mtoto wa mwinjilisti alifungiwa mlango na sheria iliyojiita ya Kikristo.

Hata hivyo, Chiluba alipotafuta kipindi cha tatu mwaka 2001, makanisa yaliungana na wanasheria na vyama vya wanawake kumpinga, naye akaacha.

Sisi Walutheri tumeligeuza mara nyingi fundisho la tawala mbili kuwa kisingizio cha kunyamaza. Zambia yatuonyesha matumizi yaliyo bora: Kanisa lililowapokea wapinzani wote wawili lilikuwa na nguvu, Kanisa lililosifiwa na mtawala lilihatarisha sauti yake. Basi, ndugu watumishi, mgombea ajapo ibadani tumkaribishe kwa upendo, aketi pamoja na waumini wengine, na mimbari tuiachie Neno.