Nguzo za Córdoba, Hispania

Nyingi kati ya nguzo hizi za Msikiti Mkuu wa Córdoba ni kongwe kuliko jengo lenyewe. Zilitolewa katika majengo ya Warumi na Wavisigothi, zikasimamishwa upya mtawala Abd al-Rahman wa Kwanza alipoanza kujenga msikiti huu mnamo mwaka 785. Tazama vichwa vyake: havifanani. Kwa kuwa zilikuwa fupi, mafundi walipandisha tao juu ya tao, matofali mekundu yakipishana na mawe meupe, na paa likainuka. Ni ufundi wa kustaajabisha.

Mwaka 1236 Mfalme Mkristo Fernando wa Tatu aliiteka Córdoba. Msikiti ukawa kanisa. Ujenzi wa kanisa kuu lililo katikati ya jengo ulianza 1523, na nguzo kadhaa zikaondolewa. Zimebaki zaidi ya 800. UNESCO iliutambua msikiti huu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1984. Misa huadhimishwa humu hadi leo.