Umetaboli: zaidi ya mmeng'enyo wa chakula

Mtu mzima mwenye afya akila daku kabla ya alfajiri na kushinda na saumu hadi magharibi, hukaa takribani saa 14 bila tonge wala funda la maji. Kufika adhuhuri, sehemu kubwa ya chakula hicho imekwisha kusagwa na kufyonzwa. Hata hivyo, akipimwa sukari saa kumi jioni, kwa kawaida kipimo huonyesha bado iko katika kiwango salama, milimoli 4 hadi 5 hivi kwa lita moja ya damu. Ubongo wake, unaotumia karibu gramu 120 za glukosi kwa siku, haujapungukiwa. Tumbo limepumzika, lakini mwili haujapumzika. Kazi inayoendelea ndani yake kwa Kiswahili huitwa umetaboli.

Neno hilo limo vitabuni, ila mara nyingi hufasiriwa vibaya. Katika vipindi vya afya na kwenye vibandiko vya dawa za kupunguza unene, umetaboli huelezwa kuwa ni "mmeng'enyo wa chakula". Chanzo cha mkanganyiko huo hakiko mbali, hasa Tanzania. Mwanafunzi wa shule ya msingi husoma kwa Kiswahili mfumo wa mmeng'enyo, kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa. Akiingia sekondari, masomo huhamia Kiingereza, na huko ndiko anakokutana na umetaboli kwa mara ya kwanza, tayari ukiwa na jina la kigeni. Siku atakapotakiwa kuueleza kwa Kiswahili, atashika neno lililo karibu naye, na lililo karibu ni mmeng'enyo.

Mambo haya mawili hayafanani hata kwa mahali yanapofanyika. Mmeng'enyo hufanyika ndani ya njia ya chakula: wanga wa ugali huvunjwa kuwa glukosi, protini ya maharage kuwa asidi-amino, mafuta kuwa asidi-mafuta, kisha vyote hupenya ukuta wa utumbo. Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemikali yanayofanyika ndani ya seli. Una pande mbili. Upande wa kuvunja, yaani kataboli, hutoa nishati. Upande wa kujenga, yaani anaboli, hutumia nishati hiyo kutengeneza misuli, ngozi, damu na akiba ya mafuta. Mmeng'enyo unaweza kusimama kwa muda mtu asipokula. Umetaboli ukisimama, uhai nao umekoma.

Dhana yenyewe ilitangulia jina lake. Mganga wa Padua, Santorio Santorio, alijitengenezea kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani, akawa anajipima na kupima alichokula, alichokunywa na kilichotoka mwilini. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1614 alieleza kwamba vilivyotoka na kuonekana vilikuwa vichache kuliko vilivyoingia. Sehemu kubwa ilipotea bila kuonekana. Jina lilikuja mwaka 1839, pale Mjerumani Theodor Schwann, mmoja wa waasisi wa nadharia ya seli, alipotumia neno la Kigiriki lenye maana ya "mabadiliko" kutaja shughuli za kikemikali ndani ya seli. Kiswahili kilichukua shina hilo na kulivika kiambishi u- cha nomino dhahania, kikapata umetaboli, na kwa sifa, magonjwa ya kimetaboli.

Kuna waliotaka neno lenye asili ya Kibantu. Tatizo ni kwamba nafasi hiyo ilikwisha kujaa. Kitenzi kumeng'enya kilitupa mmeng'enyo, kikatupa pia kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Sasa vimeng'enya havimo tumboni tu. Vimo kwa maelfu ndani ya kila seli, na vingi havihusiani kabisa na chakula kilicho utumboni. Kulitwika shina hilo mzigo wa tatu kungezidisha mkanganyiko uliopo.

Homoni nayo ilipitia mjadala kama huo. Januari 1902, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zinazokwenda kwenye sehemu ya utumbo wa mbwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, kisha wakatia asidi katika sehemu hiyo. Kongosho likaendelea kutoa majimaji yake ingawa hapakuwa na neva ya kulipelekea habari. Ujumbe ulikuwa umesafiri kwa damu, ukiwa katika umbo la kemikali. Mwaka 1905 Starling aliziita kemikali za aina hiyo homoni, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea au kusukuma.

Kwa nini basi Kiswahili kisiseme "kichocheo"? Neno hilo ni zuri na baadhi ya waandishi hulitumia, lakini katika kemia tayari linataja kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemikali. La pili, si kila kazi ya homoni ni kuchochea. Insulini, kwa mfano, huifungulia glukosi njia ya kuingia kwenye misuli na mafuta, na papo hapo hulizuia ini lisimwage sukari kwenye damu. Hiyo ya pili ni kazi ya breki. Homoni, kwa kuwa neno la mkopo lisilo na maana nyingine, hubeba kazi zote mbili bila kumpotosha msomaji.

Hapo ndipo habari ya mfungaji inapoeleweka. Glukosi yote iliyomo katika damu ya mtu mzima ni karibu gramu 4, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Isingejazwa tena na tena, ingekwisha upesi. Saa zinavyopita bila chakula, kongosho hupunguza insulini na kuongeza homoni nyingine, glukagoni. Ini hupokea agizo hilo na kuanza kuvunja glikojeni, akiba ya sukari ambayo kwa mtu aliyeshiba huwa karibu gramu 100. Akiba ikipungua, ini hutengeneza glukosi mpya kutokana na asidi-amino na mabaki mengine, huku misuli ikigeukia mafuta. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini mpangilio huu huyumba, na ndiyo maana hushauriwa amwone daktari kabla ya Ramadhani, wala si baada ya kuzidiwa.

Insulini yenyewe ina jina la kisiwa, kutokana na Kilatini, kwa sababu hutolewa na vikundi vya seli vilivyotawanyika ndani ya kongosho mithili ya visiwa. Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869. Januari 1922, huko Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa insulini iliyotolewa katika kongosho la mnyama. Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa huo hakuwa na tumaini la kuishi muda mrefu.

Istilahi ya tatu, baada ya umetaboli na homoni, ni kinga, nayo haikuhitaji mkopo. Kitenzi kukinga kilikuwapo tangu zamani: watu hukinga mvua, hukinga jua, hukinga pigo. Kilatini kilichozaa neno la Kizungu la dhana hii kilimaanisha kusamehewa kodi au wajibu. Kwa bahati njema, Kiswahili nacho husema kinga ya kidiplomasia. Neno lilipata uzito wake wa kitabibu lilipoingia katika UKIMWI, yaani Ukosefu au Upungufu wa Kinga Mwilini. Tangu hapo hata asiyejua kusoma anaelewa kwamba kinga inaweza kupungua.

Hatari iliyopo ni kuidhani kinga kuwa ukuta uliosimama peke yake. Malaria inaonyesha vinginevyo. Seli za kinga zinapotambua vimelea hutoa kemikali zinazouambia ubongo upandishe joto. Misuli hutetemeka, na kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka, umetaboli hupanda kwa takribani asilimia 10 au zaidi. Vimelea navyo, ndani ya chembe nyekundu za damu, hula glukosi kwa pupa. Mtoto mwenye malaria kali ambaye hajala anaweza kushuka sukari chini ya milimoli 2.2 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa dalili ya hatari.

Kisha homoni huingia kwa mlango usiotarajiwa: kwinini, dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi, hulichochea kongosho litoe insulini, na hivyo huweza kuishusha zaidi sukari hiyo, hasa kwa wajawazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulionyesha kwamba dawa nyingine ya malaria, artesunate, ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Walioishiwa sukari baada ya matibabu nao walikuwa wachache zaidi. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali.

Mifano mingine iko karibu. Kisukari huongeza mara 2 hadi 3 uwezekano wa kuugua kifua kikuu, kwa kuwa sukari iliyozidi huzidhoofisha seli za kinga. Ndiyo sababu mgonjwa wa kifua kikuu hupimwa pia sukari. Dawa za jamii ya homoni ya kotisoli, kama prednisoloni, hutuliza kinga iliyochachamaa katika pumu kali, lakini hupandisha sukari. Tembe moja imegusa homoni, kinga na umetaboli kwa pamoja.

Kwa hiyo walimu, wafasiri na watangazaji wa vipindi vya afya watumie mmeng'enyo kwa kazi ya tumbo na utumbo, na umetaboli kwa kazi ya seli, hata kama neno lenyewe litahitaji sentensi mbili za maelezo mara ya kwanza. Na msomaji atakayeuziwa chai ya "kuharakisha umetaboli" amuulize muuzaji ni homoni gani inayobadilishwa na chai hiyo, na katika kiungo kipi. Asipojibiwa, abaki na fedha zake.