Uaminifu wa Mnakili: Kaseti za Gemu, Torati na Tendi

Tarehe 30 Septemba 1995 kampuni ya Square ilitoa nchini Japani gemu iitwayo Seiken Densetsu 3, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine ya Super Famicom ya Nintendo. Ilikuja katika kaseti ya plastiki yenye megabiti 32 za data, nayo ilizungumza Kijapani tu. Marekani na Ulaya haikuuzwa. Mwaka 2000 wapenzi wa gemu walikamilisha tafsiri ya Kiingereza bila kuajiriwa wala kulipwa na mtu, na tangu hapo mafundi wa nyumbani wamekuwa wakiunda kaseti ambayo haijawahi kutoka kiwandani: Seiken Densetsu 3 kwa Kiingereza, inayochomekwa katika mashine ya zamani na kuwaka. Tafsiri rasmi ya kampuni yenyewe ilifika mwaka 2019, miaka 24 baada ya gemu kuzaliwa.

Kazi hii huzungumzwa kwa namna mbili. Wanasheria huiita wizi, wapenzi huiita uokoaji, na mjadala huishia hapo. Mimi naiona kuwa tawi changa la kazi kongwe, yaani kazi ya kunakili, na nadhani hukumu yake itatoka vizuri zaidi tukiiweka karibu na wanakili waliotangulia: waandishi wa Torati, na wanakili wa tendi za Kiswahili huko Lamu na Pate. Wote hao walikutana na maswali yaleyale. Nakala itokane na nini? Itakaguliwaje? Mnakili ana ruhusa gani juu ya kitu alichonakili? Na anayeipokea nakala ana haki ya kuambiwa nini?

Mezani kwa fundi

Kwanza tuione kazi yenyewe. Kaseti ya zamani hufunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8, kwa kuwa Nintendo walitumia skrubu zisizokubali bisibisi ya kawaida. Ndani mna ubao mdogo wa saketi. Juu yake imelehemiwa chipu ya ROM ya kiwandani, ambayo data yake iliwekwa wakati chipu inatengenezwa na haifutiki. Mara nyingi kuna chipu nyingine ndogo ya kumbukumbu, inayotunza maendeleo ya mchezaji kwa nguvu ya betri bapa aina ya CR2032. Na kuna chipu ya ulinzi, inayosemezana na pacha wake aliye ndani ya mashine. Wawili hao wasipoelewana, mashine haianzi.

Fundi huing'oa ROM ya kiwandani na kuweka mahali pake chipu za EPROM. Hizi zina kidirisha cha kioo mgongoni, na mwanga wa urujuanimno ukizipiga kwa dakika kama 20 hufutika zote, zikawa tayari kuandikwa upya. Chipu moja ya aina ya 27C801 hubeba megabiti 8, kwa hiyo gemu ya megabiti 32 hukatwa vipande vinne na kuchomwa katika chipu nne. Miguu ya EPROM haikupangwa sawasawa na ile ya ROM ya kiwandani. Baadhi yake huinuliwa isiguse ubao, kisha huunganishwa kwa waya mwembamba hadi kwenye tundu inayostahili. Mwisho kidirisha hufunikwa kwa karatasi isiyopitisha mwanga, maana hata jua likipata nafasi ya kutosha hufuta.

Kuna kosa moja la mezani hapa linalonivutia kuliko yote. Mafaili ya zamani ya gemu hizi yalitolewa kwa vifaa vya kunakilia vya miaka ya 1990, na vifaa hivyo viliongeza mwanzoni mwa faili baiti 512 za kumbukumbu zao wenyewe. Baiti hizo si sehemu ya gemu. Fundi asipoziondoa kabla ya kuchoma, kila kitu husogea mbele kwa hatua 512, mashine ikatafuta amri ya kwanza mahali isipokuwapo, na kioo kikabaki cheusi. Aliyezoea miswada ya kale atalitambua jambo hili mara moja: mnakili wa kwanza aliandika maelezo yake pambizoni, na mnakili wa baadaye akayaingiza ndani ya matini akidhani ni maneno ya mtunzi. Alama ya mkono uliopita hujipenyeza na kujifanya ni sehemu ya asili. Ndiyo maana kila utamaduni wa kunakili umelazimika kubuni njia za kukagua.

Hesabu za ukaguzi

Waandishi wa Torati walikwenda mbali kuliko wengi. Mwandishi wa gombo haruhusiwi kuandika kwa kutegemea kumbukumbu yake, hata kama amelihifadhi andiko lote. Lazima awe na nakala mbele yake, na alitamke neno kabla ya kuliandika. Mapokeo ya Kiyahudi yanahesabu herufi 304,805 katika Torati, na herufi moja ikikosekana gombo halifai kusomwa hadharani mpaka lirekebishwe. Kosa likitokea katika jina la Mungu halifutwi. Ukurasa huo huondolewa na kuhifadhiwa kwa heshima hadi uzikwe. Kati ya karne ya 7 na ya 10, wataalamu wa Tiberia walijaza pambizo za vitabu vyao kwa maelezo: neno fulani limekuja mara ngapi, wapi limeandikwa kwa namna isiyo ya kawaida ambayo msomaji asije akaidhania kosa na kuisahihisha.

Tendi zetu zilipata ulinzi wa namna nyingine, uliojengwa ndani ya shairi lenyewe. Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani 8 kila kimoja. Vitatu vya kwanza hushirikiana kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachopita tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mnakili akiruka silabi, sikio la msomaji hujikwaa. Akiruka kipande, vina vinakatika. Hakuna aliyehitaji kuhesabu herufi, maana kila aliyesoma utendi kwa sauti alikuwa akiukagua bila kukusudia.

Gemu za Super Famicom nazo zina hesabu yao. Karibu na sehemu yenye jina la gemu kuna namba inayopatikana kwa kujumlisha baiti zote za kaseti na kubakiza biti 16 za mwisho, na pembeni yake kuna namba ya pili iliyo kinyume chake, ili zote mbili zikijumlishwa zitoe jibu lilelile daima. Mashine yenyewe haiitazami namba hiyo. Itaicheza kaseti yenye dosari bila kulalamika, na dosari itajitokeza baada ya saa nyingi za mchezo, pengine katika mlango usiofunguka. Mwenye wajibu wa kukagua ni fundi.

Hapa ulinganisho unafunua udhaifu ambao mizani na jumla ya baiti vinashiriki. Vyote viwili hukamata kilichopungua, lakini vinaweza kudanganywa na kilichobadilishwa. Mnakili akiweka neno jingine lenye mizani ileile na kina kilekile, utendi unaendelea kusomeka vizuri. Baiti mbili zikibadilishana mahali, jumla haitikisiki. Ndiyo maana wahifadhi wa gemu leo hutumia hesabu kali zaidi, kama CRC32 na SHA-1, ambazo hutofautisha hata mpangilio. Kazi yake inakaribia ile ya pambizo za Tiberia: kushuhudia kila neno mahali pake, badala ya kuridhika kwamba idadi imetimia. Fundi anayechoma chipu bila kulinganisha faili lake na rekodi hizo ananakili kwa kukisia.

Bei ya ubao

Kaseti mpya huhitaji ubao, na kwa miaka mingi ubao ulipatikana kwa kuvunja kaseti nyingine. Jambo hili nalo lina babu yake. Katika karne ya 10 mnakili wa Kigiriki aliandika kazi za Archimedes kwenye ngozi. Mwaka 1229 ngozi hiyo ilikwanguliwa na kuandikwa sala juu yake. Aliyefanya hivyo hakuwa na chuki na hisabati. Alihitaji ngozi, na ngozi ilikuwa ghali. Kitabu kiliuzwa kwa mnada New York mwaka 1998 kwa dola milioni 2, na wataalamu katika Jumba la Makumbusho la Walters huko Baltimore wakakipiga picha kwa aina mbalimbali za mwanga hadi maandishi ya chini yakasomeka tena.

Mafundi hujitetea kwamba wanavunja gemu za michezo ya mpira zilizouzwa kwa wingi, ambazo hakuna anayezitaka. Utetezi huo una nguvu leo, lakini aliyekwangua Archimedes angeweza kusema vivyo hivyo. Thamani ya kitu haijulikani yote katika kizazi kimoja. Bahati nzuri hoja hii inazidi kupoteza ulazima, kwa sababu sasa mbao mpya hutengenezwa kwa bei nafuu, na wapo waliobuni programu ya chipu ndogo ya PIC inayotimiza kazi ya chipu ya ulinzi. Ubao mpya ulio mzuri una unene wa milimita 1.2, ukingo uliochongwa mshazari usikwaruze soketi, na mguso wa dhahabu. Ulio mbaya hutumia chipu za kisasa za volti 3.3 katika mashine ya volti 5 bila kitu cha kuzipatanisha, na madhara yanaweza kuangukia mashine ya miaka 30 isiyo na mbadala kiwandani. Mnakili mzembe wa zamani aliharibu nakala yake tu. Huyu anaweza kuharibu hata chombo cha kusomea.

Tafsiri na asili yake

Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate alipoitafsiri Hamziya, kasida ya al-Busiri wa Misri, miswada ilibeba lugha zote mbili pamoja: mstari wa Kiarabu na chini yake mstari wa Kiswahili. Msomaji aliiona asili na tafsiri kwa mtazamo mmoja, na angeweza kuhoji kila chaguo la mfasiri.

Wafasiri wa gemu wana desturi inayofanana na hiyo kwa moyo, ingawa imefika kwa njia nyingine. Hawasambazi gemu nzima. Husambaza faili dogo lenye tofauti tu: mahali fulani ondoa hiki, weka hiki. Faili hilo peke yake halichezeki. Linamlazimu mtu awe na gemu ya asili kwanza, na hivyo linakiri wazi nini ni cha Square na nini ni cha mfasiri. Kaseti inayochomwa nyumbani hufuta mpaka huo. Tafsiri na asili huyeyushwa kuwa kitu kimoja, na anayeichomeka miaka 20 baadaye hana njia ya kujua kwamba maneno anayosoma hayakuidhinishwa na watunzi. Kaseti hujivika ukamilifu ambao Hamziya haikuudai.

Jina la mnakili

Tunafika kwenye kiini. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri. Aliwanakilia watafiti wa Ulaya tendi nyingi, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na alilipwa. Miswada yake ipo hadi leo London na Ujerumani, na wataalamu huutambua mkono wake. Kulipwa kwake hakukuitia doa kazi hiyo, kwa sababu kila mtu alijua nini cha mtunzi na nini cha Kijuma. Katika utamaduni wa miswada ya Kiislamu ni kawaida mnakili kutaja mwishoni jina lake na tarehe, na kuomba asamehewe makosa. Maneno hayo ya tamati yana adabu, na pia yana kazi: humwambia msomaji aliyepokea nakala amwulize nani.

Sokoni leo zimejaa kaseti zilizofanya kinyume. Zina karatasi iliyochapwa ifanane na ya kiwandani, muhuri wa Nintendo, na hakuna neno lolote linalosema ni nakala. Mnunuzi hulipa bei ya kitu adimu akapewa kazi ya wiki iliyopita. Nani aliichoma, kutoka faili gani, tafsiri ya nani: vyote vimefichwa. Wafasiri waliotoa kazi yao bure wanaona ikiuzwa na watu wasiowataja.

Ulinganisho wangu una mpaka, na ni haki kuusema. Torati haina mwenye hakimiliki, na mtunzi wa utendi wa karne ya 18 hakuacha kampuni. Gemu zina wenyewe walio hai, na sheria za nchi nyingi huwapa wao peke yao haki ya kunakili na kuuza. Adabu ya mnakili haiondoi haki hiyo. Lakini sheria nayo haitoshi kutuambia kazi njema ni ipi, kwa kuwa mbele yake kaseti ya mtu aliyejitengenezea na ile ya mlaghai zinaweza kuangukia kosa moja, ilhali baina yake kuna umbali mkubwa.

Kwa hiyo nashika msimamo huu. Anayetaka kuunda kaseti aiunde kwa matumizi yake, kutoka gemu anayoimiliki, akague faili lake kwa hesabu kali, atumie ubao mpya usioidhuru mashine, asivunje kaseti ya zamani bila sababu, na asiiuze. Kisha aandike juu yake, kwa wino usiofutika: hii ni nakala, imechomwa na fulani, mwaka fulani, tafsiri ni ya fulani. EPROM haikai milele na betri hufa, na siku moja kaseti hiyo itakuwa mikononi mwa mtu ambaye hakumjua aliyeiunda. Mtu huyo ana haki ya kujua alichokishika. Hati za Kijuma zinatufaa leo kwa sababu aliyezifungua baada yake hakulazimika kubahatisha.